Hospisi Nzuri Utaijuaje? Historia Fupi kwa Mama Anayeuguza

Leo tutazungumza juu ya hospisi. Wengi wetu hulisikia neno hili kwa mara ya kwanza siku daktari anapotuita kando na kutueleza kwamba ugonjwa umeenea, kwamba hakuna upasuaji wala dawa ya kuuondoa, kisha anaandika barua na kusema mgonjwa apelekwe hospisi. Mama anatoka pale na karatasi mkononi, asijue kama anampeleka mtu wake akatibiwe au akafe. Na hata akielezwa, hajui ataitambuaje hospisi iliyo nzuri.

Hospisi ni huduma ya mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauwezi kuondolewa tena. Inatuliza maumivu, kichefuchefu, shida ya kupumua, vidonda na hofu, na inamsaidia yule anayeuguza. Wengine huiita tiba shufaa. Hapa Kenya hospisi nyingi hazilazi wagonjwa. Mgonjwa huja kliniki akarudi nyumbani, au muuguzi humfuata huko huko kwake. Basi ukienda kutafuta jengo kubwa lenye vitanda vingi, huenda ukaikataa hospisi nzuri kwa sababu tu ina vyumba vitatu na benchi moja.

Nataka nikueleze huduma hii ilitoka wapi. Sababu yangu ni hii: kila jambo zuri unalopaswa kulidai liliingia katika hospisi baada ya mgonjwa fulani kuteseka kwa kulikosa. Ukiijua historia hiyo, hutakosa la kuuliza.

Zamani huko Ulaya, hospisi zilikuwa nyumba za watawa zilizopokea wasafiri na wagonjwa. Mwaka 1842 katika mji wa Lyon, Ufaransa, mama mmoja aitwaye Jeanne Garnier, mjane aliyekuwa pia amefiwa na watoto wake, alianzisha chama cha akina mama cha kuwahudumia watu waliokuwa wakikaribia kufa. Mwaka 1879 watawa wa Ireland walifungua nyumba kama hiyo Dublin, na mwaka 1905 wakafungua nyingine, St Joseph's, mtaa wa Hackney, London. Nyumba hizi zilikuwa na usafi, chakula, sala na mikono ya upole. Hayo ni mambo makubwa, wala usiyadharau. Lakini mikono ya upole peke yake haitulizi saratani iliyoingia kwenye mifupa.

Aliyelibadilisha jambo hilo alikuwa muuguzi kama mimi. Cicely Saunders alizaliwa Uingereza mwaka 1918. Alisomea uuguzi, mgongo ukamsumbua, akageukia kazi ya ustawi wa jamii hospitalini. Mwaka 1948 alimhudumia David Tasma, Myahudi kutoka Poland aliyekuwa mkimbizi London. Mtu huyu alikuwa akifa kwa saratani, bila jamaa karibu. Walizungumza sana juu ya mahali ambapo mtu kama yeye angeweza kufia kwa amani. Alipofariki alimwachia Cicely pauni 500, ziwe dirisha katika nyumba ambayo angekuja kuijenga.

Baadaye Cicely alijitolea katika nyumba iitwayo St Luke's, na huko aliona jambo ambalo hospitali za kawaida hazikuwa zikilifanya. Wagonjwa walipewa mofini ya kunywa kwa saa maalum, hata kabla maumivu hayajarudi. Kwingineko mgonjwa alisubiri uchungu umzidi, akaita, akaombea, ndipo aletewe sindano. Kungoja uchungu ukolee ndipo utoe dawa ni kama kungoja moto ushike paa ndipo uende kisimani. Cicely aliambiwa kwamba akitaka kusikilizwa na madaktari, awe daktari. Akaenda kusoma upya na kumaliza mwaka 1957, akiwa anakaribia miaka 40. Kuanzia mwaka 1958 alifanya kazi St Joseph's, akaanzisha huko dawa ya saa kwa saa, na akaweka kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 1,000. Kumbukumbu hizo zilionyesha kwamba mgonjwa mwenye maumivu ya kweli, akipewa mofini kwa kipimo chake na kwa saa zake, hageuki kuwa mraibu, wala dawa haimwishii nguvu upesi kama watu walivyoogopa.

Hapa ndipo swali lako la kwanza lilipo, mama. Ukifika hospisi, uliza: "Mgonjwa wangu atakunywa dawa saa ngapi, na usiku tutafanyaje?" Ukijibiwa kwa mkato kwamba umpe akilalamika, uliza tena. Mofini ya maji kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4. Mara nyingi kipimo cha kulalia huongezwa ili mgonjwa na wewe mlale, lakini kiasi hicho hupangwa na mhudumu, usijipangie. Muuguzi mzuri atakuandikia saa hizo kwenye karatasi, tena atakwambia la kufanya maumivu yakitokeza katikati ya saa. Atakupa pia dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo, kwa sababu mofini hufunga choo karibu kila mara. Mimi binafsi hiki ni kipimo changu. Nikikuta mgonjwa amepewa mofini bila dawa ya choo, na haharishi, najua aliyempa ameisoma dawa hii kitabuni tu.

Na kama ni wewe unayeiogopa mofini, huko peke yako. Wengi hudhani ni dawa ya kummalizia mgonjwa. Ikitolewa kwa kipimo chake haimmalizi mtu. Siku za kwanza anaweza kusinzia sana au kupata kichefuchefu, na mara nyingi hali hiyo hupungua baada ya siku chache. Hospisi nzuri itakueleza haya kabla hujauliza. Itakueleza pia dalili za kukufanya upige simu mara moja, kama vile mgonjwa kusinzia hata ukimwamsha haamki vizuri, au kupumua polepole kuliko kawaida yake.

Tuendelee. Mgonjwa mmoja wa kike aliulizwa na Dokta Saunders juu ya maumivu yake. Alianza kwa kusema yalianzia mgongoni, kisha akaendelea: sasa mwili wote umeharibika, mume na mwanawe wangelazimika kuacha kazi na kupoteza mapato, na hakuna aliyeonekana kumwelewa. Kutokana na maneno ya wagonjwa kama huyu, Saunders alianza kufundisha katika miaka ya 1960 kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa zake na ya roho, yote kwa pamoja, na ukitibu moja tu mengine yatakupokonya kazi yako.

Basi siku ya kwanza sikiliza unaulizwa nini. Je, wanataka kujua nani analala na mgonjwa? Je, wanauliza watoto wanakula nini, karo italipwa na nani, kama mgonjwa ana jambo la shamba au la ndugu linalomnyima usingizi, kama angependa kumwona padri, imamu au mchungaji wake? Je, wanazungumza na mgonjwa mwenyewe, au wanazungumza juu yake na wewe kana kwamba hayupo? Mahojiano hayo hayamalizwi kwa dakika tano. Ukitoka na chupa tu na hakuna aliyekuuliza wewe unaendeleaje, hapo umepata duka la dawa. Lina kazi yake, lakini usiliite hospisi.

Mwaka 1967 Saunders alifungua St Christopher's kusini mwa London, ikiwa na vitanda 54, na dirisha la Tasma likawekwa mlangoni. Mwaka 1969 wauguzi wake walianza kuwafuata wagonjwa majumbani, kwa kuwa wengi walitaka kuwa kwao. Hapo ndipo huduma ya nyumbani ilipoanza kuwa sehemu ya kazi hii. Uliza kama wanafika kijijini kwenu, siku gani, kwa gari gani, na wakishindwa kufika ni nani wanashirikiana naye, labda zahanati au mhudumu wa afya ya jamii aliye karibu nawe. Uliza namba ya simu ya usiku. Kisha, na hili ni muhimu, ipige kabla hujaihitaji. Simu isiyoshikwa Jumanne saa mbili usiku haitashikwa siku mgonjwa atakaposhindwa kupumua.

Miaka hiyo hiyo wazo lilivuka bahari kwenda Marekani. Muuguzi Florence Wald wa Chuo Kikuu cha Yale alimsikia Saunders akifundisha mwaka 1963, na mwaka 1974 yeye na wenzake wakaanzisha hospisi ya kwanza huko, katika jimbo la Connecticut. Mwaka 1982 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kuilipa hospisi pesa kwa kila siku ya mgonjwa mzee aliyesajiliwa. Lilikuwa jambo la huruma, lakini pesa huvuta kila mtu. Leo hospisi nyingi huko ni za biashara, na mwaka 2022 mkaguzi wa jimbo la California alitoa ripoti kwamba katika eneo la Los Angeles kulikuwa na dalili kubwa za udanganyifu, hata za hospisi kuandikisha watu wasiohitaji huduma hiyo. Nakutajia haya kwa sababu wengi wetu tuna wana na mabinti wanaofanya kazi ya kuuguza huko, nao hutuambia kwamba kila kitu cha ng'ambo ni kizuri. Kwetu shida huwa ya upande wa pili: hospisi nyingi huishi kwa michango, na wafadhili wakipungua gari linakaa bila mafuta. Katika nchi zote mbili unayo haki ya kuuliza nani analipa, wewe utalipa nini, na nini kitatokea ukikosa. Hospisi ya kuaminika hutaja gharama mapema na haimfukuzi mgonjwa kwa kukosa ada ya siku moja.

Sasa tuje Afrika. Hospisi ya kwanza barani ilianzishwa Harare, Zimbabwe, mwaka 1979, ikaitwa Island Hospice. Hapa kwetu Nairobi Hospice ilianza kuhudumia wagonjwa mwaka 1990, katika eneo la Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Daktari wake wa kwanza alikuwa Anne Merriman, Mwingereza aliyekuwa ametoka Singapore. Huko Singapore yeye na wafamasia walikuwa wamebuni njia rahisi ya kutengeneza mofini ya kunywa kwa kuchanganya unga wa mofini na maji. Dawa ambayo watu walidhani ni ya matajiri ikawa ya bei ndogo.

Merriman alienda Uganda mwaka 1993 na kuanzisha Hospice Africa Uganda, akianza na pesa za miezi 3 tu na nyumba ya kuazima katika Hospitali ya Nsambya, Kampala. Waganda walitia rangi katika dawa ili mama asiyejua kusoma asikosee: kijani ni hafifu, nyekundu ni kali, buluu ni kali zaidi. Nalipenda sana wazo hili. Hata hivyo usidhani rangi hizo ni sawa kila mahali. Hapa kwetu mwombe muuguzi akuonyeshe nguvu ya dawa kwenye karatasi ya chupa, na kila ukipewa chupa mpya uliza kama ni sawa na ya kwanza. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha sheria na kuwaruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki waliosomea huduma hii kuandika mofini wenyewe. Walielewa kwamba mgonjwa wa kijijini humfikia muuguzi muda mrefu kabla ya kumfikia daktari.

Kenya tulichelewa. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti juu ya watoto wa Kenya wenye saratani, ukimwi na magonjwa mengine makali. Lilikuta kwamba kati ya hospitali za umma zipatazo 250, ni 7 tu zilizokuwa na mofini ya kunywa. Saba, mama. Watoto walikuwa wakipewa panadol kwa maumivu ambayo yangemwangusha mtu mzima. Mwaka huo serikali, pamoja na chama cha hospisi cha Kenya kinachojulikana kama KEHPCA, ilianza kuingiza huduma hii katika hospitali kubwa za umma, na mwaka 2013 miongozo ya kitaifa ikatolewa. Kwa hiyo ukiambiwa hospisi iko mbali, uliza kwanza katika hospitali ya kaunti yako kama kuna kitengo cha huduma hii. Mara nyingi kipo, kwenye chumba kidogo nyuma, na hakuna kibao.

Ripoti ile inatuachia swali gumu kuliko yote: "Je, dawa ipo leo, na ikiisha mtafanya nini?" Nimewahi kumkuta mgonjwa nyumbani aliyerudishwa Ijumaa na chupa ya siku mbili, na kliniki aliyotoka, ambayo sitaitaja, ilikuwa imefungwa hadi Jumatano kwa sababu ya sikukuu. Mkewe alikuwa akimpa nusu kijiko ili dawa ifike mbali. Mahali penye wahudumu wapole wasiojua chupa inayofuata itatoka wapi bado pana kasoro, nawe unaruhusiwa kuisema.

Kwa mama mwenye mtoto mgonjwa nina neno la pekee. Hospisi ya kwanza ya watoto, Helen House, ilifunguliwa Oxford mwaka 1982, baada ya mtawa Frances Dominica kufahamiana na wazazi wa mtoto Helen aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo. Wazazi wake walitaka kumuuguza wenyewe, wakahitaji tu mahali pa kupumzishwa mara kwa mara. Mtoto si mtu mzima mdogo. Mhudumu anayejua watoto atampima uzito kabla ya kumpa dawa. Mkubwa kidogo ataonyeshwa picha za nyuso, ya kucheka hadi ya kulia, achague yake. Kwa mtoto mchanga ataangalia anavyokunja uso, miguu, na namna anavyolia, na atakuuliza wewe, kwa kuwa wewe ndiye unayemjua. Mtoto aliyenyamaza sana hospitalini si lazima awe ametulia. Wakati mwingine amechoka kulia.

Sasa nikupe kipimo unachoweza kukitumia bila kusoma. Chama cha hospisi cha Afrika, APCA, kilichoundwa rasmi Arusha mwaka 2004, kilitengeneza pamoja na watafiti maswali 10 ya kupima kama huduma inamsaidia mgonjwa, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010. Maswali 7 ni ya mgonjwa na 3 ni ya mlezi. Mgonjwa huulizwa juu ya siku 3 zilizopita: maumivu yamekuwaje, dalili nyingine zimekuwaje, ana wasiwasi kiasi gani, ameweza kumweleza mtu yaliyo moyoni, anaona maisha yana maana, ana amani, na jamaa wamepata msaada wa kutosha kupanga mambo ya mbele. Mlezi huulizwa kama ameelezwa vya kutosha, kama anajiamini katika kuuguza, na kama ana wasiwasi. Majibu huonyeshwa kwa mkono. Ngumi ni sifuri, vidole vitano ndio mwisho.

Fanya hivi nyumbani kwa swali la maumivu. Kila jioni mwambie mgonjwa aonyeshe: ngumi kama hasikii maumivu, vidole vitano kama yamezidi yote. Andika namba hiyo kwenye kalenda ukutani. Baada ya siku chache za dawa vidole vinapaswa kupungua. Vikibaki vinne, piga simu. Hospisi nzuri itakuuliza maswali, itabadilisha kipimo, itakutuma mtu au itakuita. Isiyo nzuri itakwambia ungoje tarehe yako ya kliniki. Kalenda hiyo ibebe ukienda. Mhudumu mwenye haraka hupunguza haraka yake anapoona namba.

Limebaki jambo la baada ya kifo, ambalo akina mama wengi huona haya kuliuliza. Tangu miaka ya mwanzo ya St Christopher's, daktari Colin Murray Parkes alianzisha huduma ya kuwafuatilia waliofiwa. Sisi tuna matanga, na nyumba hujaa watu hadi siku ya mazishi. Wiki ya tatu viti vya kukodi vimerudishwa, na mama amebaki na kitanda kitupu na madeni. Uliza mapema: "Mtakuja kutuona baadaye?" Hospisi nyingi zinazojua kazi yao hupiga simu, hutembelea, au huwa na siku ya waliofiwa kukutana.

Wakija wataulizia pia dawa iliyobaki. Usiudhike. Mofini haimwagwi chooni wala haipewi jirani anayeumwa jino, na kabla ya hapo yote unapaswa kuiweka juu, kwenye sanduku lenye kufuli, mbali na watoto. Wahudumu wataipima mbele yako, wataiandika kwenye kitabu, nawe utatia sahihi au kidole gumba. Hospisi inayodai chupa yake irudi ndiyo hiyo inayojua kila chupa ilienda kwa nani.

Katika mazungumzo yajayo: namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani ili asipate vidonda vya mgongo.